Siku Moja Antelope Island: Anza na Ranchi, Wanyama Utawakuta Njiani

Mara ya kwanza tulipokwenda Antelope Island tulikosea karibu kila kitu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei. Tulitoka Salt Lake City, hapa Utah, Marekani, saa nne asubuhi tukiwa na sufuria ya pilau, watoto watatu na hamu ya kuoga ziwani, tukaanzia ufukweni. Usubi ukatuvamia hata mkeka haujatandikwa. Mtoto wetu mdogo alirudi nyumbani na masikio yamevimba kama maandazi. Tulipokumbuka kwamba upande wa kusini kuna ranchi ya kale, jua lilikuwa limeshaelemea na tukakuta pamefungwa. Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi, kila msimu, hadi majirani wakaanza kunigongea mlango: "Dada, hebu tupangie ile safari ya kisiwani." Basi ratiba ninayowapa ndiyo hii.

Kwanza ujue unakokwenda. Antelope Island ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Great Salt Lake, ziwa la chumvi lililolipa jiji letu jina lake. Kina urefu wa maili 15, yaani kilomita 24 hivi, na upana usiofika maili 5 sehemu nyingi. Ni hifadhi ya jimbo la Utah, si hifadhi ya taifa, kwa hiyo ile kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa usiitoe getini, haitambuliki. Upande wa kaskazini ulifanywa hifadhi mwaka 1969, na kisiwa kilichobaki kikaingizwa mwaka 1981. Hadi hapo kilikuwa mali ya wafugaji, na hilo ndilo jambo ambalo wageni wengi hupita nalo juu juu. Wanakuja kuona wanyama pori, hawajui kwamba hata hao baisani, nyati wa Amerika, waliletwa na wafugaji.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua siku

Kosa kubwa ni kudhani masika ya huku, kwa kuwa hewa ni tamu na majani ni ya kijani, ndiyo wakati mzuri. Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Juni usubi hutoka kwa wingi. Ni wadogo kiasi kwamba huwaoni, huingia kwenye nywele na nyuma ya masikio, na dawa za kawaida za mbu haziwatishi sana. Wenyeji huvaa kofia zenye wavu hadi shingoni. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, fanya vivyo hivyo, wala usione haya. Faida yake ni moja: huo ndio msimu wa ndama wa baisani, na ndama hao wana rangi ya chungwa iliyoiva, hawafanani na mama zao hata kidogo.

Julai na Agosti usubi umepungua lakini jua ni kali na vivuli ni vya kuhesabu. Tena ni msimu wa mafahali kupigania majike, kwa hiyo hasira zao ziko juu. Septemba na Oktoba ndiyo miezi yangu. Mwishoni mwa Oktoba wapanda farasi huwaswaga baisani wote kutoka kusini hadi kwenye mazizi ya kaskazini, wakachanjwe na kukaguliwa. Wanaozidi uwezo wa malisho hupelekwa mnadani. Watu huruhusiwa kutazama kwa mbali. Aliyewahi kuona ng'ombe wakipelekwa joshoni atajua anachokiona, ila hapa vumbi ni la mamia ya wanyama, wengine wakikaribia uzito wa tani moja.

Baridi nayo ina watu wake. Desemba hadi Februari barabara huwa tupu, na baisani mwenye theluji mgongoni ni picha ambayo ndugu nyumbani hawataamini umepiga mwenyewe.

Hatua ya 2: Funga mizigo kama mtu asiyetegemea duka

Jaza mafuta ya gari kabla ya kuingia, kisiwani hakuna kituo cha mafuta. Chukua maji mengi kuliko unavyodhani. Mimi huhesabu lita tatu kwa mtu mzima wakati wa joto. Chakula pika nyumbani. Vitu ambavyo watu wetu husahau: kofia pana, mafuta ya kuzuia jua (ndiyo, hata sisi weusi, jua likirudishwa na chumvi linachoma), darubini hata ya bei nafuu, viatu vilivyofunika vidole, na ndala za kwenda nazo ziwani. Weka pia jagi au chupa tupu ya maji baridi ya kusuuza miguu. Sababu yake nitaieleza huko mbele.

Hatua ya 3: Barabara

Kutoka Salt Lake City shika barabara kuu ya I-15 kuelekea kaskazini hadi njia ya kutokea namba 332, kisha pinda magharibi kwenye Antelope Drive na unyooke tu, ukipita mji wa Syracuse, hadi ufike kibanda cha geti. Safari nzima ni kama saa moja. Hakuna basi linalovuka hadi kisiwani, kwa hiyo asiye na gari aombe lifti au wachangiane mafuta. Na hapo kuchangiana kuna maana kweli, kwa sababu kiingilio hutozwa kwa gari, si kwa kichwa: gari lenye watu wasiozidi 8 hulipa karibu dola 15. Bei hubadilika, itazame kwenye tovuti ya hifadhi kabla ya kutoka.

Baada ya geti unaingia kwenye tuta, barabara ya maili 7 iliyokatiza ziwa. Funga vioo. Upande wako wa kushoto ni maji ya kina kifupi, na siku za joto yananuka kama mayai viza. Watoto watalaumiana, waache. Harufu haidumu. Wapenda ndege waegeshe mahali palipotengwa kando ya tuta: ziwa hili hulisha mamilioni ya ndege wanaohama, wakiwemo vibisi wanaotua hapa kula uduvi wa chumvi kabla ya kuendelea na safari yao kusini. Samaki hawawezi kuishi kwenye chumvi hiyo, ndiyo maana uduvi ni wengi kiasi hicho.

Tuta lenyewe si la kulidharau. Ziwa lilipofura miaka ya 1980 lilimezwa na maji, na hifadhi ikakaa imefungwa takriban muongo mzima hadi barabara ilipofunguliwa tena mwaka 1993. Siku hizi shida ni kinyume chake. Ziwa halina mto unaotoka, linategemea mito inayoingia, na mito hiyo inavutwa mashambani na mijini kabla ya kufika. Novemba 2022 kina chake kilishuka kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze. Utaona mwenyewe tambarare nyeupe za chumvi mahali ambapo ramani ya zamani inaonyesha maji.

Hatua ya 4: Usisimame. Nenda moja kwa moja kwenye ranchi

Hapa ndipo ninapogombana na kila mtu. Ukivuka tuta, vibao vitakuvuta kulia kwenda ufukweni na kwenye jengo la wageni. Pinda kushoto. Fuata barabara ya lami ya upande wa mashariki maili 11 hadi mwisho wake, kwenye Fielding Garr Ranch. Njiani utaona wanyama. Wapungie mkono uendelee, utawakuta wakati wa kurudi, jua likiwa nyuma yako na picha zikitoka vizuri. Ranchi hufungwa mapema kuliko hifadhi, wanyama hawafungwi.

Mwaka juzi nilikwenda na baba mkwe, Mgogo aliyechunga ng'ombe karibu na Kongwa tangu hajaota ndevu. Tuliposhuka kwenye gari hakutazama nyumba wala kibao. Alizunguka kidogo, akafuata miti mikubwa, akakuta chemchemi. "Hapa ndipo walipoanzia," akasema. Na ni kweli. Kisiwa kimezungukwa na maji ambayo mnyama hawezi kunywa, kwa hiyo mwenye chemchemi ndiye mwenye kisiwa. Wewe nawe anzia hapo, kisha uende kwenye majengo. Yote yatakaa sawa kichwani.

Wahamiaji wa Kimormoni, waumini wa kanisa lililozaliwa Amerika, waliingia bonde la Salt Lake Julai 1847. Mwaka uliofuata, 1848, Fielding Garr akatumwa kisiwani kuangalia mifugo ya kanisa, ile iliyotolewa na waumini kama fungu la kumi. Baadaye mapato ya mifugo hiyo yalisaidia mfuko wa kuwakopesha nauli waumini masikini waliotaka kuhamia kutoka Ulaya. Kwa nini kisiwani? Kwa sababu maji yalikuwa ua. Huhitaji kujenga boma, mwizi anaonekana toka mbali, na ng'ombe hana pa kutorokea.

Nyumba ya Garr ni ya matofali mabichi, udongo uliokaushwa juani bila kuchomwa. Iguse ukutani sehemu inaporuhusiwa: ni nene na ya baridi hata Agosti. Ni nyumba ya zamani kuliko zote zilizojengwa na walowezi Utah ambazo bado zimesimama juu ya msingi wake ule ule, na watu waliishi ndani yake mfululizo hadi jimbo lilipoinunua ranchi mwaka 1981. Miaka 133, familia baada ya familia. Vyumba vingine viliongezwa baadaye na utaona tofauti ya mikono ya mafundi. Jirani na nyumba hiyo kuna kijumba cha chemchemi walichokitumia kama friji, maziwa na nyama zikipoa ndani yake.

Usiondoke bila kuingia kwenye banda la kukatia sufu. Mwishoni mwa karne ya 19 kisiwa kiliingia mikononi mwa kampuni ya John Dooly, ng'ombe wakapungua, kondoo wakatawala. Wakati mmoja walifika takriban 10,000. Banda ni refu, la mbao, na juu utaona mitambo iliyozungusha mikasi ya kukatia. Simama katikati ufumbe macho. Harufu ya mafuta ya sufu imeingia kwenye mbao, na haikutoka. Baba mkwe alikaa humo dakika arobaini akiuliza maswali ambayo mhudumu hakuwahi kuulizwa: kondoo waliingia kwa mlango upi, mchafu na msafi walitenganishwa wapi, aliyejeruhiwa na mkasi alipakwa nini. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu aliyetoka kwenye jamii ya wafugaji, awe Mgogo, Mmaasai au Mnyamulenge, anaielewa ranchi hii kuliko mtalii mwenye kamera ya maelfu. Mlete mzee wako. Muulize yeye, usisome vibao tu.

Kwenye miti ya chemchemi tazama juu. Bundi wakubwa hulala humo mchana. Jirani yangu mmoja alikataa kabisa kunyanyua uso. Alisema amevuka bahari kukimbia mikosi, hawezi kuja kuitafuta kwa darubini.

Hatua ya 5: Rudi polepole, na baisani

Baisani ni nyati wa Amerika: kichwa kikubwa, ndevu, nundu, manyoya mbele na kiuno chembamba nyuma. Zamani walikuwa makumi ya mamilioni katika bara hilo. Kufikia mwisho wa karne ya 19, kwa bunduki na kwa makusudi, walibaki chini ya elfu moja. Mwaka 1893 William Glassman na John Dooly walileta 12 kisiwani, na hao ndio mababu wa kundi la sasa, ambalo lina mamia ya wanyama. Ua ule ule wa maji uliotunza ng'ombe wa kanisa ukawatunza na hawa.

Sasa sikiliza vizuri. Kwenye hifadhi za Mikumi au Nairobi umezoea kukatazwa kushuka kwenye gari. Hapa hakuna anayekukataza, na njia za miguu zinapita katikati ya malisho. Ulinzi wako ni akili yako. Mwaka 2019 watu wawili, kwa siku tofauti, walipigwa pembe kwenye njia za kisiwa hiki. Baisani dume anaweza kufika kilo 900 na anakimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, wewe hukimbii hata nusu ya hiyo.

Baba mkwe alimwona fahali peke yake kando ya barabara na mkono ukaenda kwenye kitasa.

"Baba, tafadhali usishuke."

"Mwanangu, mimi na ng'ombe tumekua pamoja."

Fahali akainua mkia, ukasimama kama bakora. Mkono wa mzee ukarudi taratibu mapajani. "Huyu hakufugwa," akasema, na mada ikaisha.

Mkia ndiyo kauli yake. Ukining'inia na kupepea inzi, ametulia. Ukiinuka, akapiga kwato chini au akakoroma, umeshachelewa kidogo. Rudi nyuma bila kumpa mgongo. Kipimo changu cha umbali: nyoosha mkono, simamisha dole gumba mbele ya jicho moja. Kama dole halimfuniki mnyama mzima, upo karibu mno. Usipite kati ya ndama na mama. Ukikuta kundi limelala kwenye kijia, zunguka kwa mbali sana au ghairi, hakuna aibu. Mbwa wako awe kwenye kamba, na ukiwa na baisani karibu, heri abaki kwenye gari.

Mwingine wa kumtafuta ni pronghoni, ndiye aliyekipa kisiwa jina. Mwaka 1845 wasafiri wapelelezi John C. Frémont na Kit Carson walifika, wakawinda, wakala wakashiba, wakakiita kisiwa cha swala kwa shukrani. Lakini pronghoni si swala. Ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga, na okapi wa misitu ya Kongo! Niliwaambia hivyo vijana wa Kikongo tuliokwenda nao, wakampokea kama binamu aliyepotea. Anakimbia karibu kilomita 90 kwa saa, kasi ambayo hakuna mnyama mwindaji wa Amerika ya leo anayeikaribia. Wataalamu wengi hudhani aliipata enzi za duma wa huko ambao walishatoweka. Alikuwa ameisha kisiwani, akarudishwa mwaka 1993. Mtafute kwenye tambarare, mgongo wa hudhurungi na matako meupe yanayometa. Ukivumilia, utaona pia koyote (mbweha wa huku), nungunungu, na juu kwenye miamba kondoo-mwitu wenye pembe zilizojiviringa.

Usilishe chochote, usiokote pembe wala jiwe lenye umbo la mshale.

Hatua ya 6: Kijia kimoja kinatosha

Wenye miguu na mapafu watakwenda Frary Peak, kilele cha kisiwa, mita 2,010 hivi. Ni kama kilomita 11 kwenda na kurudi, na unapanda zaidi ya mita 600 bila kivuli, anza alfajiri. Majira ya kuchipua njia hiyo hufungwa kondoo-mwitu wanapozaa, kwa hiyo uliza kwanza. Kwa familia mimi napendekeza Buffalo Point, kaskazini: chini ya kilomita moja kupanda, mtoto wa miaka mitano anaweza, na juu unaona ziwa pande zote. Fika saa moja kabla ya jua kuzama.

Mistari ya ngazi ngazi utakayoiona mlimani si barabara za ng'ombe. Ni fukwe za ziwa la kale, Bonneville, lililojaa bonde lote hili wakati wa barafu kuu. Great Salt Lake ni masalia yake tu.

Hatua ya 7: Ziwa, mwisho kabisa

Sasa nenda Bridger Bay. Kutoka maegesho hadi maji utatembea kitambo, kwa kuwa ziwa limerudi nyuma. Chota mchanga uutazame: chembe zake ni mviringo kama ulezi, kila moja imevikwa chokaa tabaka kwa tabaka na mawimbi. Inzi weusi waliojaa kwenye ukingo wa maji hawaumi. Tembea tu, watafunguka kama pazia. Maji yana chumvi mara kadhaa kuliko bahari, kwa hiyo utaelea upende usipende. Usinyoe miguu siku hiyo, usipige mbizi, na ukiwa na kidonda kifunike. Mabafu ya maji baridi yapo ufukweni, lakini foleni ikiwa ndefu au yamefungwa kwa baridi, ndipo lile jagi nililokutajia linapokuokoa.

Wanaotaka kulala kuna viwanja vya hema, unakata nafasi mtandaoni mapema. Tangu mwaka 2017 hifadhi hii inatambuliwa kimataifa kwa giza lake, na Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, inaonekana licha ya taa za miji ng'ambo ya maji.

Sisi wa kurudi siku hiyo hiyo tunaondoka kabla geti halijafungwa, na tunaendesha kwa mwendo wa harusi. Baisani ni mweusi, lami ni nyeusi. Akiwa amesimama barabarani, usipige honi. Washa taa za tahadhari, zima injini, subiri. Safari yetu ya mwisho walikuwa kumi na mmoja na hawakuwa na haraka. Tulimaliza pilau lote lililobaki, na ukoko tukaukwangua.